Unene wa poni si afya: Jinsi ya kumdhibiti farasi anayenenepa kwa nyasi tupu

MVUA ya masika inapokoma na jua kuanza kuwaka juu ya malisho ya Limuru, Karen, Naivasha na Nanyuki, nyasi huwa zimestawi na kufunika ardhi yote. Ng'ombe hutoa maziwa kwa wingi, mbuzi hunawiri, naye mfugaji hutabasamu.

Hata hivyo, katika baadhi ya mashamba hayo kuna mnyama mmoja ambaye neema hii yaweza kumwua. Mnyama huyo ni poni, yule farasi mdogo mwenye miguu mifupi na manyoya mengi ya shingoni, ambaye aghalabu hununuliwa ili watoto wajifunzie kupanda farasi.

Poni huyu huenda hali nafaka. Hapewi pumba wala molasi. Hula nyasi tu, na bado huzidi kunenepa wiki baada ya wiki hadi mgongo wake ukawa bapa kama meza. Wageni wamwonapo humsifu mwenyewe kwa utunzaji wake mwema.

Sifa hizo ni za bure. Kwa poni, unene wa kupindukia si dalili ya ufugaji bora bali ni mlango wa maradhi ya kwato ambayo humfanya mnyama ashindwe kutembea, na ambayo yakizidi humlazimu daktari wa mifugo kumwua ili kumwondolea mateso.

Makala haya yanaeleza kwa nini poni hunenepa upesi kuliko farasi wengine, jinsi ya kumtambua aliyenenepa, na namna ya kumpunguza bila kumtesa kwa njaa. Yanamhusu mwenye poni, na yanamhusu zaidi saisi, kwani ndiye anayeshika ndoo ya chakula na kufungua lango la malisho kila siku.

Mwili ulioumbwa kwa dhiki

Kwa kanuni za mashindano ya kimataifa, poni ni farasi ambaye kimo chake mabegani hakizidi sentimita 148 bila viatu vya chuma. Lakini tofauti baina yake na farasi mkubwa si kimo pekee. Ipo pia tofauti katika jinsi mwili wake unavyotumia chakula.

Koo nyingi za poni zinazojulikana sana duniani, kama vile Shetland, Exmoor, Welsh na Connemara, asili yake ni Uingereza na Ireland. Zilikulia katika milima, nyika na visiwa ambako upepo wa baridi huvuma na nyasi ni haba kwa miezi mingi ya mwaka.

Mfano bora ni poni wa Shetland, ambaye kimo chake hakizidi sentimita 107. Kwao ni visiwa vilivyo kaskazini mwa Uskoti. Farasi wadogo wameishi huko kwa maelfu ya miaka wakila nyasi ngumu na vichaka, na hata mwani uliotupwa ufuoni na mawimbi wakati wa baridi kali.

Katika mazingira hayo, aliyeweza kunenepa upesi wakati wa majira ya joto ndiye aliyeponea majira ya baridi. Unene wake ulikuwa akiba. Baridi ilipokuja iliitoza akiba hiyo, na kufikia majira ya machipuko poni alikuwa amekonda na yuko tayari kuanza upya.

Isitoshe, poni wa zamani alifanya kazi. Baada ya sheria ya mwaka 1842 iliyopiga marufuku wanawake na wavulana wa chini ya umri wa miaka 10 kufanya kazi chini ya ardhi katika migodi ya Uingereza, poni wa Shetland walitumiwa kwa wingi kuvuta mikokoteni ya makaa ya mawe. Alichokula kiliteketea kwa jasho.

Sasa mtazame poni anayefugwa katika nyanda za juu za Kenya. Hapa tuko kwenye ikweta, ambako hakuna majira ya baridi ya kuua nyasi kwa miezi mitatu au minne mfululizo. Masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, nayo mvua ya vuli hufuata Oktoba hadi Desemba. Katikati ya misimu hiyo, mwenyewe hununua nyasi kavu ili mnyama asikose chochote.

Matokeo yake ni kwamba poni hujiwekea akiba siku zote, ilhali siku ya kuitoa haifiki. Mwili wake ungali unajiandaa kwa njaa ambayo haitakuja. Hiki ndicho kiini cha tatizo, na ndicho pia kiini cha utatuzi wake: maadamu mazingira hayamkondeshi tena, sharti binadamu afanye kazi hiyo kwa hesabu na kwa upole.

Kutoka kwenye nyasi hadi kwenye kwato

Je, mafuta ya mwilini yanahusiana vipi na kwato?

Ndani ya ukwato mna mfupa ambao umeshikiliwa kwenye ukuta wa ukwato na mamia ya vikunjo vyembamba vinavyoingiana mithili ya vidole vya mikono miwili iliyofumbatana. Vikunjo hivyo ndivyo vinavyobeba uzani wa mnyama mzima kila akanyagapo ardhi.

Vikunjo vikidhoofika, hunyooka na kuachana. Mfupa nao huanza kuinama au kuzama ndani ya ukwato, na katika hali mbaya zaidi huweza kutokezea kwenye unyayo. Ugonjwa huu huitwa laminaitisi. Maumivu yake ni makali mno, kwani mnyama hawezi kuacha kukanyaga.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa chanzo chake kikuu ni kuvurugika kwa tumbo baada ya mnyama kula nafaka au nyasi nyingi kwa mara moja. Hilo hutokea, lakini si kisa chote.

Mnamo 2007, watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya jaribio ambapo poni wenye afya, wasio wanene, walitiwa insulini nyingi damuni huku kiwango chao cha sukari kikidhibitiwa kisipande wala kushuka. Poni wote waliotiwa insulini hiyo walipata laminaitisi katika muda wa saa 72. Hivyo ikabainika kuwa insulini yenyewe, ikizidi, huharibu kwato.

Insulini ni homoni inayosaidia mwili kutumia sukari. Poni mnene, hasa wa koo tulizozitaja, aghalabu mwili wake hauitikii homoni hii ipasavyo. Kila alapo nyasi zenye sukari nyingi, kongosho lake humwaga insulini kupita kiasi. Tofauti na binadamu mwenye kisukari, si macho wala figo zinazoumia kwanza, bali ni miguu.

Ndiyo maana wataalamu husisitiza kwamba kumpunguza poni uzani si suala la urembo. Ni kumwokoa na maradhi ambayo hayatoi onyo refu, na ambayo yakishampata mara moja ni rahisi kurudi.

Jicho hudanganya, mkono husema kweli

Hatua ya kwanza ni kukiri kuwa mnyama amenenepa. Hili ni gumu kuliko linavyodhaniwa, kwani anayemwona mnyama kila siku huyazoea mabadiliko yake. Aidha, manyoya marefu huficha mengi, nalo tumbo kubwa laweza kutokana na nyasi ngumu au minyoo badala ya mafuta.

Kwa hivyo usitegemee macho. Tumia mkono.

Pitisha viganja vyako juu ya mbavu za poni bila kukandamiza sana. Kisha nyosha mkono wako mmoja na uupapase mgongo wake kwa vidole vya mkono mwingine. Mbavu zikihisika hivyo, kama mifupa iliyo chini ya ngozi ya mgongo wa mkono, mnyama yuko katika hali nzuri. Zikihisika kama vifundo vya ngumi, amekonda. Ikiwa unachohisi ni kama kiganja, yaani nyama laini isiyo na mfupa wa kushika, basi amenenepa.

Baada ya mbavu, papasa shingo. Shingo ya poni mnene huota ukingo wa mafuta chini ya manyoya, na ukingo huo ukiwa mgumu usioweza kupindwa kwa mkono ni ishara mbaya. Chunguza pia nyuma ya mabega na kwenye shina la mkia, ambako mafuta hukusanyika kwa mafungu. Mgongo ukiwa na mfereji katikati kiasi kwamba maji ya mvua yangeweza kutuama, hali imekwisha kuwa mbaya.

Upo mfumo wa alama uliobuniwa mwaka 1983 na mtaalamu wa Marekani, Don Henneke, ambao hutumiwa sana hadi leo. Mnyama hupewa alama 1 akiwa mifupa mitupu na alama 9 akiwa mnene kupindukia. Alama 5 ndiyo ya katikati. Poni aliyefikisha 7 au zaidi anahitaji kupunguzwa.

Mbali na alama, ni vyema kukadiria uzani wenyewe. Wafugaji wachache ndio walio na mizani ya kupimia farasi, lakini utepe wa fundi cherehani watosha.

Pima mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kwa sentimita. Kisha pima urefu wa mwili kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, halafu zidisha jibu kwa urefu, kisha gawanya kwa 11,877. Utakachopata ni makadirio ya uzani kwa kilo.

Mathalan, poni mwenye mzunguko wa sentimita 150 na urefu wa sentimita 132 ana uzani wa takriban kilo 250. Hesabu hii haitakuwa sahihi kama mizani, lakini mtu yuleyule akipima kila baada ya wiki mbili, saa ileile, atajua kama mnyama anapanda au anashuka. Yaandike matokeo kwenye daftari lililotundikwa bandani. Mzunguko wa kifua ukipungua hata kwa sentimita mbili, hiyo ni habari njema.

Hesabu ya chakula

Kosa la kwanza la wengi wanapogundua kuwa poni amenenepa ni kumfungia bandani bila chakula. Kosa hili laweza kumwua upesi kuliko unene wenyewe.

Poni na punda wakinyimwa chakula ghafla, mwili huyeyusha mafuta yake kwa kasi na kuyamwaga katika damu. Ini huzidiwa, mnyama hulegea na kukataa kula, na wengi wanaofikia hali hiyo hufa. Walio katika hatari kubwa zaidi ni wanene, wenye mimba na wanaonyonyesha. Jike aliye katika hali hizo mbili za mwisho asipunguziwe chakula bila ushauri wa daktari wa mifugo.

Vilevile tumbo la farasi limeumbwa kwa kula kidogo kidogo mchana na usiku. Akikaa saa nyingi bila kitu, asidi humchoma tumbo na huweza kupata vidonda.

Kanuni inayokubalika na wataalamu wengi ni hii: poni anayepunguzwa apewe chakula kikavu chenye uzani wa asilimia 1.5 ya uzani wake kwa siku. Asipewe chini ya asilimia 1.25 ila kwa usimamizi wa daktari.

Kwa poni wetu wa kilo 250, asilimia 1.5 ni kilo 3.75. Kwa kuwa nyasi kavu za kawaida zina unyevu kidogo, kiasi hicho ni sawa na takriban kilo 4.3 za nyasi kavu kwa siku nzima, ikiwa hali kitu kingine chochote malishoni. Pima kwa mizani ndogo ya kuning'iniza. "Konzi mbili" au "nusu robota" si vipimo, kwani robota moja hutofautiana na nyingine.

Gawanya kiasi hicho mara tatu au nne kwa siku, na ukitie katika nyavu zenye matundu madogo ili mnyama atumie muda mrefu kukivuta. Fungu la mwisho la usiku liwe kubwa zaidi, maana ndio muda mrefu zaidi atakaokaa peke yake.

Kuhusu aina ya nyasi, chagua zilizokomaa kabla ya kukatwa. Nyasi za Boma Rhodes, ambazo hupandwa kwa wingi nchini, zikivunwa zikiwa zimechanua na kuanza kutoa mbegu huwa na lishe ya wastani na humfaa poni kuliko zile changa zilizokusudiwa ng'ombe wa maziwa. Ziwe safi, zisizo na vumbi wala ukungu. Majani ya lusani yana lishe nyingi mno kwa mnyama huyu.

Njia nyingine ya kupunguza sukari ni kuloweka nyasi kavu majini na kumwaga maji yake mahali ambapo mnyama hawezi kuyanywa. Penye joto, saa moja yatosha, kwani zikikaa zaidi huanza kuchacha. Kuloweka huondoa pia sehemu ya madini, na kiasi cha sukari kinachotoka hutofautiana. Kwa hivyo, poni apewe kijiko cha mchanganyiko wa madini na vitamini ulioundwa kwa ajili ya farasi.

Nafaka, pumba za ngano, molasi na mabaki ya mkate havina nafasi kabisa. Chakula cha viwandani cha ng'ombe au kuku nacho kiwekwe mbali na farasi wote, kwa sababu baadhi yake hutiwa dawa ya monensini, ambayo ni sumu kali kwa moyo wa farasi.

Nyasi si adui, wingi wake ndio adui

Si lazima poni aondolewe malishoni daima, mradi hajapata laminaitisi. Kutembea, kukaa na wenzake na kupunga hewa kuna manufaa yake. La muhimu ni kudhibiti anachokula huko.

Wengi hudhani kuwa kumfungulia kwa saa chache ni suluhisho. Majaribio yaliyofanywa Uingereza yalionyesha kwamba poni anayefunguliwa kwa saa 3 tu hujifunza kula kwa pupa, na katika muda huo mfupi hujaza sehemu kubwa ya mahitaji yake ya siku. Hivyo basi saa zikipunguzwa, hesabu ya nyasi kavu nayo haina budi kupunguzwa.

Kinachofaa zaidi ni kikapu cha mdomoni, ambacho hufungwa kwa mikanda kichwani na huwa na tundu dogo chini linaloruhusu majani machache tu kupita. Katika majaribio, kikapu hiki kilipunguza ulaji wa nyasi kwa kiasi cha asilimia 80. Mnyama aweza kunywa maji akiwa amekivaa, ila ni sharti afundishwe taratibu, mikanda isimchubue, na kivuliwe kila siku. Asivae mchana na usiku.

Njia ya tatu ni kuzungushia malisho uzio wa ndani, ili ibaki njia nyembamba pembeni. Weka maji upande mmoja na nyasi kavu upande wa pili. Poni atalazimika kutembea kutwa akizifuata. Ukiwa na ng'ombe au kondoo, watangulize wao wapunguze nyasi kwanza.

Kuna pia suala la wakati. Mmea hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua na kuitumia usiku kwa kukua. Kwa sababu hiyo, sukari huwa chache zaidi alfajiri na nyingi zaidi alasiri. Poni mnene asifunguliwe alasiri ya siku ya jua kali.

Lakini hapa kwetu alfajiri ina hatari yake. Kenya ni miongoni mwa nchi zenye ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao huenezwa na visubi wanaouma hasa kati ya machweo na macheo. Mbali na chanjo, farasi hulindwa kwa kufungiwa bandani nyakati hizo. Kwa hivyo muda unaofaa ni baada ya jua kuchomoza hadi saa nne asubuhi hivi.

Hata kanuni hiyo ina mwiko wake. Usiku ukiwa wa baridi kali, chini ya nyuzijoto 5 za Selsiasi, nyasi hazikui, na sukari ya jana hubaki majanini. Katika maeneo kama Kinangop, asubuhi ya umande ulioganda si asubuhi ya kumfungulia poni.

Nyasi zinazotambaa za Kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki na ambazo zimesafirishwa hadi Australia na Afrika Kusini, zahitaji tahadhari nyingine. Zina kemikali ya oksaleti inayozuia kalsiamu isitumike mwilini. Farasi anayezila peke yake kwa miezi mingi huweza kudhoofika mifupa, hata uso wake ukavimba. Kwa hiyo poni anayeishi kwa nyasi hizi huhitaji madini yenye kalsiamu, kwa kipimo atakachopanga daktari.

Mazoezi, blanketi na karoti

Chakula kikipunguzwa bila mazoezi, uzani hushuka polepole sana. Poni mwenye miguu mizima afanyishwe kazi angalau siku 5 kwa wiki, kwa muda usiopungua nusu saa, na sehemu kubwa ya muda huo iwe ya kukimbia hadi apumue kwa nguvu na kutoa jasho. Aanze kidogo na kuongezewa kila wiki. Mtoto akiwa shuleni, saisi aweza kumkimbiza kwa kamba ndefu au kumwongoza mlimani kwa miguu.

Poni anayechechemea au anayeshukiwa kuwa na laminaitisi asifanyishwe mazoezi kamwe.

Jambo jingine dogo lenye uzito ni blanketi. Wengi humvika poni blanketi mara tu baridi ya Julai inapoanza. Poni mnene mwenye afya amevaa blanketi tayari chini ya ngozi yake. Mwache bila hilo la pili ili mwili wake uteketeze mafuta kujipasha joto.

Kisha kuna karoti. Karoti moja haimnenepeshi mnyama, lakini katika familia ya watu watano, kila mmoja akimpa mbili kwa siri, hesabu ya saisi huharibika. Watoto wafundishwe kuwa poni hufurahia kukunwa mabegani na kusuguliwa kwa brashi sawa na anavyofurahia kitu cha kutafuna.

Ni hapa ambapo uhusiano wa mwenyewe na saisi hujaribiwa. Mara nyingi saisi huogopa kulaumiwa kwamba anamnyima mnyama chakula, hivyo huongeza konzi moja ili asionekane mchoyo. Mwenyewe naye huja mwishoni mwa juma, amwonapo poni akikwaruza lango kwa ukwato, humhurumia na kumfungulia. Ratiba ya chakula iandikwe, ikubaliwe na wote, na isivunjwe na yeyote.

Dalili za hatari

Saisi ndiye atakayeona dalili za kwanza. Poni mwenye laminaitisi hutembea kwa hatua fupi, hasa kwenye ardhi ngumu na anapogeuka. Huhamisha uzani kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Aweza kusimama akiwa ameitanguliza miguu ya mbele na kuegemea nyuma, kana kwamba anakwepa kukanyaga makaa. Ukigusa nyuma ya kifundo cha mguu, juu ya ukwato, utahisi mshipa ukipiga kwa nguvu isiyo ya kawaida.

Uonapo hayo, mtoe malishoni papo hapo, mweke mahali penye matandiko mengi laini, umwekee maji na nyasi kavu zilizolowekwa, kisha umpigie simu daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Usimlazimishe kutembea na usisubiri hadi kesho. Baadaye atahitajika pia fundi wa kwato ili azirekebishe kwa kushirikiana na daktari.

Ikiwa poni amepita umri wa miaka 15, na hasa ikiwa manyoya yake ni marefu na hayapukutiki, mwombe daktari ampime pia ugonjwa wa tezi iliyo chini ya ubongo, ambao huongeza hatari ya laminaitisi hata kwa mnyama asiye mnene. Una dawa, ingawa hauponi kabisa.

Safari ya polepole

Mwenye kutaka matokeo ya haraka atakata tamaa. Kasi salama ni poni kupungua kati ya asilimia 0.5 na 1 ya uzani wake kwa wiki. Kwa mnyama wa kilo 250, hiyo ni kati ya kilo 1.25 na kilo 2.5. Kama anahitaji kupungua kilo 30, kazi hiyo itachukua kati ya wiki 12 na 24.

Mwezi wa kwanza huenda macho yasione chochote. Mafuta ya shingoni ndiyo huwa sugu zaidi, na mara nyingi hubaki hata baada ya mbavu kuanza kuhisika. Ndiyo sababu utepe na daftari vina thamani kuliko maoni ya wapita njia. Na atakapofikia uzani unaofaa, udhibiti hauishi, kwa kuwa masika mengine yatakuja na mwili wake haujabadilika.

Wahenga walisema kuwa mchelea mwana kulia hulia yeye. Poni atakapokwaruza lango na kukutazama kwa macho ya kusihi, kumbuka kwamba hajui kuwa kiangazi cha njaa anachojiandalia hakipo. Anayejua ni wewe. Kumnyima leo konzi ya nyasi ni kumpa miguu ya kusimamia kesho.